Wasomaji wanauliza, wakili anajibu: masharti ya kusomea ubingwa wa udaktari na namna ya kuyapinga

Mwezi huu madaktari wameniandikia kuliko hata wenye kesi za viwanja, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: masharti ya kuingia kusomea ubingwa yakikufungia mlango, unaweza kwenda mahakamani ukapata kitu? Barua nyingi zimetaja India na sishangai, manake kule madaktari wanayashtaki haya masharti tangu miaka ya 80 na hukumu zao zimejaa mafunzo. Nimechagua barua sita. Nyingine zinafanana na hizi, kwa hiyo usipojiona hapa soma tu, jibu lako limo humu humu.

Shikamoo dada wakili. Mimi ni daktari intani Dodoma, MBBS, yaani digrii ya kwanza ya udaktari, nimesomea India kule Punjab. Kwenye grupu letu la WhatsApp wenzangu Wahindi walibishana sana kuhusu hukumu ya Chandigarh ya 2025, wengine wanashangilia wengine wana uchungu. Ile kesi ilihusu nini hasa, na mimi mgeni inanigusa?

Marahaba mdogo wangu. Chandigarh unaijua, mji ule ambao ni makao makuu ya Punjab na ya Haryana kwa pamoja lakini wenyewe uko chini ya serikali kuu. Una chuo kimoja cha udaktari cha serikali. Upande wa nafasi za ubingwa zilizobaki mikononi mwa mji kulikuwa na viti 64, wakavigawa nusu kwa nusu: 32 kwa waliosoma MBBS palepale chuoni, na 32 kwa "watu wa Chandigarh". Sasa nani ni mtu wa Chandigarh, hapo ndo penyewe. Uwe umesoma miaka 5 mjini pale, wakati wowote ule, au wazazi wako wawe wameishi pale miaka 5, au wazazi wako wawe wamemiliki mali pale miaka 5.

Hebu isome tena hiyo ya tatu. Baba ana nyumba Chandigarh, ameipangisha, yeye mwenyewe anaishi Delhi na mtoto kasoma MBBS Mumbai, huyo mtoto anaingia kwenye fungu. Na daktari aliyezaliwa kijiji cha kilomita 20 kutoka hapo, upande wa Haryana, ambaye wazazi wake wote wanakuja kutibiwa hospitali ileile, anabaki nje hata kama kwenye mtihani wa taifa wa NEET PG kampita yule mwenzake kwa mbali. Mimi nimesoma masharti mengi ya vyuo lakini hati ya nyumba ya mzazi kuwa kigezo cha kumfanya mtu awe daktari bingwa, hilo lilinikera na bado linanikera.

Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ilifuta fungu hilo mwaka 2019. Wakakata rufaa. Desemba 2019 majaji wawili wa Mahakama ya Juu wakaona uzito wa swali wakalipeleka kwa jopo la majaji watatu, na tarehe 29 Januari 2025 jopo likatoa hukumu, ikaandikwa na Jaji Sudhanshu Dhulia: kutenga viti vya ubingwa kwa kigezo cha makazi kunavunja ibara ya 14 ya Katiba ya India, ile ya usawa mbele ya sheria. Hawakuanzia hewani, msingi uliwekwa tangu 1984 kwenye kesi ya Pradeep Jain. Kwa ufupi wamesema Mhindi ana makazi ya kisheria mamoja tu, nayo ni India, hakuna makazi ya kisheria ya jimbo. Kwa MBBS jimbo linaruhusiwa kuwapendelea wenyeji kwa kiasi, kwa sababu linajenga vyuo kwa hela zake na linahitaji madaktari wa kawaida wa kukaa na wananchi wake. Lakini ukipanda ngazi ya ubingwa uwezo wa mtu unatangulia, maana atakayekuja kupasuliwa ubongo haulizi daktari kakulia mtaa gani. Upendeleo kwa waliosoma chuo kilekile wameuacha ubaki, kwa kiasi kisichozidi mipaka, na viti vingine vijazwe kwa matokeo ya mtihani wa taifa.

Kwanini baadhi ya wenzako wana uchungu? Kozi ya ubingwa India ni miaka 3, na kesi imekwenda karibu miaka 6. Mahakama ikasema wazi kwamba waliokwishaingia kupitia lile fungu, wanaosoma na waliomaliza, wasiguswe. Kwa hiyo daktari aliyekosa kiti 2019 kwa sababu baba yake hana nyumba Chandigarh ameambiwa ulikuwa na haki, lakini kiti chako kilishakaliwa na aliyekikalia ameshahitimu. Mimi siwalaumu majaji kwa hilo, huwezi kumvua mtu digrii aliyoihenyea kwa kosa la aliyetunga masharti. Ila nyie mnaosoma hapa lishikeni hili manake nitalirudia: mahakama inaweza kufuta sharti baya na wewe uliyelipinga ukatoka mikono mitupu.

Kuhusu wewe, haikugusi moja kwa moja. Ile ilikuwa ni ugomvi wa Wahindi wa majimbo tofauti wanagawana viti vyao, hukumu haikugusa njia za wageni. Ukitaka kurudi India kwa ubingwa fuata masharti ya wageni ya mwaka unaoomba, sio ya mwaka rafiki yako alioingia.

Wakili habari ya kazi. Niko Nairobi, nataka kusomea upasuaji. Kuna kitu kinanisumbua, chuo kinaweza kubadilisha masharti baada ya mimi kuomba na kulipa ada ya maombi? Naskia India walijaribu wakashtakiwa.

Nzuri kaka. Walishtakiwa kweli, na walioshtaki wakashindwa, ndo maana nataka uielewe kwa nini.

India nusu ya viti vya ubingwa kwenye vyuo vya serikali za majimbo vinaingia kwenye kapu moja la nchi nzima. Tarehe 29 Julai 2021 serikali kuu ikatangaza kwamba kwenye hilo kapu 27% ya viti vitengwe kwa matabaka yaliyobaki nyuma, wanaitwa OBC, na 10% kwa wasio na uwezo kiuchumi. Wakati huo watu walishajisajili NEET PG wanasubiri mtihani wa Septemba. Wakaenda mahakamani: mechi imeshaanza halafu mnahamisha goli! Udahili ukakwama miezi, madaktari wa Delhi wakagoma mwishoni mwa 2021 kwa sababu wodi zimepungukiwa na darasa jipya haliingii, mpaka tarehe 7 Januari 2022 Mahakama ya Juu ikaruhusu udahili uendelee na migao yote miwili, sababu ikazitoa wiki mbili baadae.

Walichosema ni kwamba mgawanyo wa viti kwa kawaida unatangazwa kabla tu ya udahili kuanza, sio siku ya kusajili mtihani, kwa hiyo goli halikuhamishwa, lilikuwa bado halijasimikwa. Jaji Chandrachud akaenda mbali zaidi akaandika kwamba alama za mtihani peke yake hazisemi kila kitu kuhusu uwezo wa mtu, mtihani hauoni nani alisoma tuisheni na nani alisoma huku analea wadogo zake. Kuna watu wanaona maneno haya yanagongana na ya Chandigarh. Mimi sioni mgongano, manake kumsaidia aliyebaki nyuma ni jambo moja, na kumsaidia mwenye nyumba ni jambo jingine kabisa.

Kwa kwako Kenya una kitu kizuri, ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na ile sheria ya 2015 iliyotungwa kuitekeleza. Uamuzi wa mamlaka lazima uwe wa haki na wa utaratibu, na ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo chuo kikibadilisha sharti katikati usianze na wakili, anza na barua ya nusu ukurasa: lini mlibadilisha, kikao gani, kwa sababu gani. Na kama chuo kina ngazi ya rufaa ya ndani ipitie kwanza, ukiiruka jaji anaweza kukurudisha hukohuko, sheria yenyewe inamruhusu.

Wakili, mimi ni daktari kituo cha afya huku Kigoma, mwaka wa nne sasa. Nimeshazalisha kwa mwanga wa tochi ya simu, nimeshapanda pikipiki usiku na mgonjwa katikati yangu na dereva. Kila nikiomba ubingwa naonekana niko sawa na aliyekaa mjini anasoma tu. India naskia wanaongezewa alama, ni kweli?

Ni kweli, na barua yako nimeisoma mara mbili, pole sana na kazi.

Kanuni zao za elimu ya ubingwa zilikuwa na kipengele cha 9 kilichosema daktari wa serikali aliyefanya kazi maeneo ya mbali au magumu aongezewe 10% ya alama alizopata kwa kila mwaka, mwisho 30%. Piga hesabu: NEET PG ina alama 800, tuseme umepata 400, miaka yako mitatu ya kwanza inakupa 120, unakuwa na 520. Mwaka wa nne hauongezi kitu, dari ni 30%. Hiyo 120 inaweza kukutoa kwenye kukosa kabisa ikakupeleka kwenye magonjwa ya watoto au upasuaji.

Uttar Pradesh wao walitaka kwenda njia nyingine, kutenga kabisa viti vya digrii ya ubingwa kwa walio kazini. Agosti 2016 Mahakama ya Juu kwenye shauri la Dinesh Singh Chauhan ikasema hapana, kanuni inatoa alama za nyongeza, haitoi viti. Lakini mwaka 2020, tarehe 31 Agosti, jopo la majaji watano kwenye shauri la chama cha madaktari wa serikali wa Tamil Nadu likasema majimbo yana mamlaka ya kuwatengea viti madaktari walio kazini hata kwenye digrii, ilimradi sera iwe na mkataba wa kwamba ukimaliza unarudi kuwatumikia watu wa vijijini. Mimi hii naiona ndo hukumu bora kuliko zote ninazozitaja leo, kwa sababu inamtazama na yule mama anayesubiri daktari bingwa kilomita 200 kutoka mjini.

Sasa kwetu. Mahakama haitungi alama za nyongeza kama hakuna sheria inayozisema, kwa hiyo kwenda kushtaki leo ni kupoteza hela yako. Hili ni la wizara na vyuo, na njia ni kupitia Chama cha Madaktari Tanzania, MAT. Andikeni waraka mmoja wa madaktari wa mikoa ya pembezoni, muweke hesabu kama hiyo niliyopiga hapo juu, mseme mnataka kitu gani hasa. Tena msiombe huruma. Alama za nyongeza ni malipo ya kazi iliyofanyika.

Asalaam aleikum bi wakili. Sisi ni wa Mombasa toka babu, asili yetu Gujarat. Binti yangu ana kadi ya OCI, ile ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, tangu 2017, ni daktari. Ndugu wa India wanasema watu wa OCI siku hizi wanaruhusiwa viti vya hela nyingi tu. Nimekosa usingizi bi wakili.

Waaleikum salaam mama, lala tu.

Serikali ya India ilitoa notisi tarehe 4 Machi 2021 ikasema wenye kadi za OCI wanaweza kufanya mitihani kama NEET lakini waombe viti vya NRI, yaani vile vya Wahindi wa ng'ambo ambavyo ada yake ni ya kuumiza, au viti vya ziada, sio vya raia. Wakashtakiwa. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema serikali ina mamlaka ya kuweka sharti hilo lakini haliwezi kurudi nyuma kuwanyang'anya watu haki waliyokuwa nayo. Waliopata kadi kabla ya tarehe 4 Machi 2021 waendelee kushindana kama raia wa India, waliopata baada ya hapo ndo sharti jipya linawahusu.

Kadi ya binti yako ni ya 2017. Kwa hiyo mama tafuta kadi ile ya mwanzo, angalia tarehe ya kutolewa, na kama aliwahi kuibadilisha baada ya kupata pasi mpya ya Kenya tunza na ile ya zamani pamoja, usiitupe hata kama kona zimechanika. Tarehe hiyo ndo kila kitu. Toeni kopi zithibitishwe, na kwenye fomu ya maombi aambatanishe kopi ya hukumu yenyewe, sio kipande cha gazeti, manake karani wa udahili hana muda wa kutafuta.

Dada wakili, kama viti vya ubingwa vimebaki wazi kwa nini wasituchukue tu sisi tuliokosa alama kidogo? Mahakama haiwezi kuamuru?

India waliomba hivyohivyo. Udahili wa NEET PG 2021 uliisha ukabakiza viti 1,456 bila mtu, madaktari wakaomba raundi nyingine maalum, na tarehe 10 Juni 2022 Mahakama ya Juu ikakataa. Ilisema raundi zimeshapigwa nyingi, masomo yameshaenda mbali, huwezi kuingiza mwanafunzi katikati halafu ukategemea atoke bingwa kamili, elimu inayogusa uhai wa mtu haishushwi kwa ajili ya kujaza viti.

Serikali yenyewe lakini ikashusha. Sharti la kawaida kwa kundi la jumla lilikuwa uwe umewazidi nusu ya waliofanya mtihani, na Septemba 2023 wakalipeleka mpaka sifuri kwa makundi yote, maana yake ukifanya tu mtihani unaweza kuomba. Hapo wengi walipiga kelele na mimi nilikuwa mmoja wao. Viti vingi vinavyobaki ni vya masomo yasiyo na wagonjwa wengi au vyuo vya binafsi vyenye ada kubwa, na kushusha alama hakumpi maskini ada. Kwa hiyo wewe uliyekosa alama kidogo, pambana na mtihani ujao, mahakamani hapo huna kesi.

Shikamoo wakili, naandika toka Mwanza. Prospektasi ya chuo cha umma ilisema wastani wa jumla wa digrii ya kwanza, mimi ninao. Majina yametoka simo, nikapiga simu nikaambiwa wameangalia alama za somo moja moja. Ni miezi mitatu sasa. Nifanyeje? Na hizo hukumu za India zinaweza kutumika huku Mwanza?

Marahaba mdogo wangu, na kwanza fanya haraka.

Wewe kesi yako ni nzuri kuliko za Wahindi wote niliowataja, kwa sababu wao walikuwa wanapinga sharti lenyewe, ambapo inabidi umshawishi jaji kwamba sharti linavunja katiba. Wewe unasema sharti ni zuri ila chuo hakikulifuata. Hiyo ni rahisi zaidi kuieleza. Ila simu sio ushahidi. Andika barua leo, omba sababu kwa maandishi, peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hapohapo kata rufaa ya ndani.

Wakikaa kimya au wakikataa, njia ni maombi ya mapitio ya mahakama pale Mahakama Kuu. Ina hatua mbili, kwanza unaomba kibali, ukikipata unaleta maombi yenyewe ndani ya siku 14. Na kibali kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Huko kuandikiana barua na chuo usikutegemee kusimamishe hiyo miezi, kwa hiyo wewe imebaki mitatu.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita alinijia daktari mmoja na faili la plastiki la bluu, kapanga kila kitu vizuri, prospektasi kaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, barua alizokwenda nazo chuoni mara nne, kila mara anaambiwa rudi wiki ijayo mkuu hayupo. Nikafungua kalenda ya ukutani tukahesabu wote wawili kwa kidole. Miezi 6 ilikuwa imepita kwa siku 11. Ungeweza kuomba kuongezewa muda, ndio, lakini hapo inabidi ueleze kila siku moja uliyochelewa, na yeye siku tano kati ya hizo alikuwa zamu tu wodini, hana karatasi yoyote. Tulijaribu, tukakataliwa. Kesi ilikuwa safi kabisa na hakuna jaji aliyewahi kuisikiliza.

Ukishinda usitegemee jaji akuandike kwenye orodha. Atatengua uamuzi na kuamuru chuo kikufikirie upya kwa kufuata prospektasi yake. Kwa hiyo ombi lako liwe pia na amri ya muda ya kukushikia nafasi moja wakati shauri linaendelea, yule wa Chandigarh umeona kilichompata.

Umeuliza mwishoni kama hukumu za India zinaweza kutumika Mwanza. Hazimfungi jaji wetu lakini zinamshawishi, na mahakama zetu zimekuwa zikizinukuu miaka nenda miaka rudi. Ile ya Chandigarh lakini usiilete, haihusiani na shida yako. Niletee kwanza prospektasi nzima, ukurasa wa sharti na ukurasa wa mbele wenye mwaka, sio picha uliyoikata kwenye simu, na jina la aliyekujibu ile simu na saa uliyopiga kama bado limo kwenye rekodi ya simu yako. Nitakuwepo ofisini Jumatatu mpaka Alhamisi.